Bakuli la Akiru na Mchanga wa Nakalale

Wenzangu wa kikundi cha vikapu, tangu nirudi mnanisimamisha njiani mmoja mmoja, kila mtu na swali lake. Ulipata? Ilikuwa kubwa? Umeleta? Nimechoka kusimulia kipande kipande kwenye jua, na nikifika katikati mnanikata mkicheka. Sasa nimekaa chini na daftari la mjukuu. Mnajua nilifika darasa la tatu tu, kisha baba akanirudisha kwa mbuzi, kwa hivyo anayeona herufi zangu zimelala kama walevi anyamaze asome. Dhahabu nilipata. Nalisema hapa mwanzo ili mtu asiruke mbele kulitafuta.

LODWAR

Mnamjua Akiru, kitinda mimba wangu. Ambao hamkumjua, alikuwa mrefu kama mimi na mdomo kama wangu. Aliolewa Nakalale, mbele ya Kakuma, akanizalia Asekon. Huko Nakalale mvua ikinyesha wanawake hushuka kwenye laga, mto wetu wa mchanga, wanachekecha mchanga kutafuta dhahabu. Wengi wanauza wapate kula. Akiru hakuwa na shida hiyo, mumewe ana mifugo. Yeye aliipenda ile kazi yenyewe, kama sisi tunavyosuka kapu ambalo hatutauza, tunalitundika tu tulitazame. Alikuwa akinipigia simu ananiambia, "Mama, njoo nikufundishe. Unakaa na maji, unatikisa, unasahau hata njaa."

Aliniita mara tatu. Ya kwanza nikasema kuna harusi kwa jirani. Ya pili nikasema mama mkwe hakai kwa mkwe, hiyo ni aibu. Akacheka: "Mtoni si kwa mkwe, mama. Mtoni hakuna mlango." Ya tatu nikamwambia ukweli wangu, kwamba mimi si kuku wa kupekua mchanga. Nimezaa saba, nina wajukuu kumi na mmoja, mmoja yuko sekondari, halafu nionekane nimechutama lagani kama mtu asiye na mbuzi hata mmoja? Akiru akasema, "Sawa, mama." Hakuniita tena.

Mwaka jana, mvua za kufunga mwaka, homa ilimshika siku nne. Habari zilinifikia akiwa bado anaongea. Nikapanda gari, gari likafika kwenye ile laga kubwa ya katikati ya njia, laga imejaa. Nikakaa upande huu siku mbili. Maji yalipoisha simu ikasema tayari wamemzika. Nikageuka kurudi. Nilisema niende nikaone nini, mchanga? Watu waliniona mgumu. Acha waone.

Wifi yake ndiye aliyeniletea mtoto pamoja na kifurushi. Ndani mlikuwa na shanga, shuka, unyoya mmoja wa tumbusi, na bakuli. Ule unyoya msishangae. Kule dhahabu inawekwa ndani ya mrija wa unyoya, mdomo unazibwa kwa nta. Mrija wa Akiru ulikuwa na vumbi kidogo la manjano chini kabisa, basi. Bakuli nilimpa mimi alipoolewa, la mti, refu kama jani, lile tunaloita atubwa. Miaka yote alilipaka mafuta ya kondoo akalitia moshi kama nilivyomfundisha, mpaka likawa jeusi linang'aa.

Na lilinuka Akiru. Mafuta, moshi, jasho la mikono yake, na kitu kingine sina jina lake. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa naingiza uso wangu ndani ya bakuli lile. Hilo sikumwambia mtu. Nilidhani nafanya peke yangu.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, baada ya kelele za kura kuisha, nikasema nakwenda. Nilitaka niketi pale aliponiita, nitikise mchanga kwa bakuli lake, nipate hata punje moja kwa mkono wangu, niitie kwenye mrija wake. Nikiipata, nitakuwa nimeitika. Nani aliniambia lile ndilo bakuli la kuchekechea? Hakuna. Lilikuja kwenye kifurushi kimoja na unyoya, nikaunganisha mwenyewe kichwani.

Asubuhi ya kuondoka nilimtafuta Asekon nimwache kwa jirani. Ana miaka minane. Nilimkuta nyuma ya nyumba amelikumbatia bakuli. Nikamwambia lete, si la kuchezea. Akakaza vidole. Nikamfungua kidole kimoja kimoja, nikalifunga kwenye shuka, nikaenda.

KWENYE LAGA

Nilipata lori la kabichi na vitunguu kutoka Kitale. Dereva aliitwa Barasa, mnene, mwenye huruma kuliko sura yake. Abiria wengine walilala juu ya kabichi, mimi akanipa kiti cha mbele.

"Karibu, shosho."

"Shosho ni wa Nairobi. Mimi niite ata."

"Ata ni nini?"

"Ni nyanya ya mtu."

"Si ndiyo shosho?"

"Siyo."

Akaniangalia, akawasha gari. Toka hapo akaniita ata, na mara nyingine "mheshimiwa ata" alipotaka kunichokoza.

Barabara mnaijua. Lami imebaki vipande kama meno ya mzee, gari linakwenda kando ya barabara kuliko juu yake. Nilikuwa nahesabu laga. Ya kwanza kavu, ya pili tope. Tulipokaribia ile kubwa nikasikia kabla ya kuona, ule mngurumo wa maji mekundu yanayobeba miti. Barasa akazima injini. Ni laga ileile, na ukingo uleule. Hata ule mti wa miiba niliokaa chini yake mwaka jana ulikuwa pale.

Nikashuka nikakaa chini yake tena. Ningekaa wapi?

Tulikaa hapo siku hiyo na kesho yake. Barasa alipika ugali na kabichi, kabichi asubuhi, kabichi jioni. Nikamwambia kwetu hayo ni majani ya mbuzi. Akasema, "Basi leo wewe ni mbuzi, ata, kula." Mimi nilikuwa na nyama kavu iliyolala ndani ya mafuta ya kondoo, nikaitoa, nikaimwaga kwenye bakuli la Akiru, nikawaita wote wa juu ya kabichi washuke. Walikula mpaka wakalamba vidole. Bakuli lilipoisha nyama nikachukua mafuta yaliyobaki nikalipaka ndani na nje, nikalisugua kwa kiganja mpaka likang'aa kama kichwa cha mtoto. Nilisema nikifika mtoni wanawake wa Nakalale wasiseme mama yake Akiru ameleta chombo kikavu.

Barasa akalishika akalipeleka mbali na pua. "Ata, hii kitu inanuka."

"Inanukia."

"Unaipeleka wapi?"

"Kuchekecha dhahabu."

Akacheka tumbo likaruka. "Kwenu juzi wamegundua petroli, dunia nzima inakuja, wewe unaenda kutikisa mchanga? Utauzia nani?"

"Siuzi."

"Sasa utafanya nini nayo?"

"Nitaipata, halafu nirudi nyumbani."

Akazidi kucheka, akawaita wenzake waje wasikie. Ndipo nikamwambia habari ya Akiru. Nilimwambia kwa maneno machache, na nikamwonyesha ule mti. Kicheko kikakatika. Alisimama, akavuta suruali juu, akaenda kutazama maji. Aliporudi akasema, "Yamepungua kiganja kizima, ata. Yanapungua haraka." Mimi nina macho. Hayakuwa yamepungua hata kidole. Lakini nilimshukuru.

KAKUMA

Nilishuka Kakuma nimevaa vumbi kichwa mpaka miguu. Niliyekuwa namtafuta ni Natabo, mwanamke Mtoposa kutoka upande wa Kapoeta, Sudan Kusini, aliyekimbia vita zamani akazeekea kambi ya wakimbizi. Ndiye aliyemfundisha Akiru kuchekecha. Sikuwahi kumwona. Nilijua anauza tumbaku tu.

Nikaingia kambini nikauliza kijana mmoja aliyevaa fulana ya kung'aa, ameshika ubao wa kuandikia. Akanisemesha Kiingereza. Nikatikisa kichwa. Akanishika mkono kwa adabu akaniketisha kwenye benchi chini ya turubai, kati ya wanawake wamebeba watoto na sufuria. Nikapewa kikombe cha maji na biskuti. Nikasema watu hawa wana heshima kwa wageni. Nikala biskuti. Nikaletewa nyingine. Benchi likawa linasogea mbele, nami nasogea nalo.

Nilipofika mbele, yule yule kijana akanijaribu kwa Kiswahili. "Mama, familia yenu ni watu wangapi?"

"Watoto saba," nikasema. Halafu nikasema, "Sita." Halafu nikasema, "Andika saba."

Akaandika, akafuta, akaandika. "Mlivuka mpaka lini?"

"Mpaka gani?"

"Wa Sudan."

Nikasimama. Mnanijua nikisimama. "Kijana, mimi ni Mturkana. Babangu alichungia ngamia hapa uliposimamisha hiyo meza. Wewe unatoka wapi?"

"Kisii, mama."

"Basi kaa nikuandike wewe. Ulivuka lini?"

Benchi zima likacheka, hata wasiojua Kiswahili, maana kicheko hakihitaji mkalimani. Yeye mwenyewe akacheka akafunika uso kwa ule ubao. Akanipeleka mpaka kwa Natabo kwa mguu wake, na biskuti akaniongeza.

Natabo ni mfupi, mweusi tii, mgongo umepinda, jicho moja limeingia wingu. Lugha yao na yetu ni ndugu, tukaelewana bila kujikaza. Nikamsalimu, "Ejok."

"Ejok-noi. Wewe ni nani?"

"Mama yake Akiru."

Alifunga tumbaku yake kwenye gunia, fungu kwa fungu, polepole, akafunga gunia kwa kamba. Ndipo akanitazama. "Umechelewa," akasema.

"Najua."

"Nyinyi Waturkana mnafika mapema mkija kuiba ng'ombe tu."

"Ng'ombe waliokuwa wetu kabla babako hajawaiba."

Akacheka kwa pua, nami nikacheka, na kabla sijajua tunalia wote wawili, yeye ameshika gunia, mimi nimeshika bakuli. Jirani yake Mkongo, Mama Furaha, akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani tunapigana. Alipoelewa akarudi ndani akaleta ugali wa muhogo unaovutika kama mpira na sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa. "Kula, mama, iko muzuri. Mutu ya kulia haiwezi kulia na tumbo ya bure." Ule ugali ulinishinda kumeza, ukakaa kooni. Lakini sombe nililamba sahani. Siku hizi nikikumbuka Kakuma nakumbuka sombe kabla ya kitu kingine, na naona haya.

Nilimwomba anipeleke mtoni, akakubali. Habari ya karatasi zake za kutoka kambini naziruka, zilitukalisha siku tatu na hazina utamu. Kilichobaki ni kwamba alipoambiwa mgongo wake hauwezi safari alijibu, "Mgongo ni wangu." Nikampenda hapo.

NAKALALE

Tulikwenda kwa pikipiki moja, mabibi wawili nyuma ya dereva, bakuli kati yetu, karai la Natabo amelivaa kichwani kama kofia ya askari. Mawe yalitupiga. Natabo alikuwa akiimba. Nilimwambia anyamaze, akaongeza sauti.

Mkwe wangu alikuwa malishoni na mifugo, na afadhali. Wifi yake Akiru alinipeleka kaburini. Ni mawe yamepangwa vizuri. Nilisimama. Nikaweka tumbaku kidogo ya Natabo juu ya jiwe, nikasema, "Twende mtoni."

Lagani maji yalikuwa yamesimama kwenye mashimo, na wanawake kama kumi wamechutama. Natabo alinipeleka mpaka kwenye mwamba, mahali mto unakata kona. "Dhahabu ni mvivu," akasema. "Maji yanaibeba, ikifika nyuma ya mwamba inalala. Usichimbe juu. Chimba mpaka ukute udongo mgumu, kwangua juu ya udongo."

Nyuma ya mwamba palikuwa na mawe mawili bapa, kando kwa kando, kama viti. Moja limelainika kwa kukaliwa. La pili lilikuwa na vumbi.

"Hilo la vumbi ni lako," Natabo akasema. "Alilisukuma mwenyewe kutoka kule juu. Nilimwambia mama yako haji. Akasema atakuja, mdomo wake ni mkali lakini miguu yake ni mizuri."

Nikalipangusa kwa leso, nikakaa.

Natabo alinionyesha mara moja kwa karai lake. Jaza mchanga nusu, weka maji, koroga kwa mkono uvunje madonge, tupa kokoto. Halafu tikisa kulia, kushoto, kulia, kushoto, kizito kizame. Inamisha kidogo, maji yachukue kilicho chepesi. Tena. Tena. Mpaka ubaki mchanga mweusi kama baruti, kijiko kimoja. Huo ndio unaozungusha polepole kama unambembeleza mtoto, na nyuma ya weusi, mkiani, unatazama. Yeye alipata nukta mbili papo hapo. Halafu akapanda upande wa juu wa mto na karai lake, maana anapenda kufanya peke yake, akawa ananipigia kelele kwa mbali.

Nikatoa bakuli la Akiru nikaanza.

Siku ya kwanza nilipata maumivu ya magoti. Siku ya pili nilipata mchanga mweusi mzuri kabisa, mkono ulikuwa umeshajua. Nyuma ya weusi hakuna kitu. Wanawake walikuwa wakipita kunichungulia. Mmoja, mwembamba, meno yametoka mbele, akasema, "Mama wa Lodwar anasafisha mchanga wetu. Mchanga ulikuwa mchafu." Nikamwambia, "Naona meno yako yamekuja kutazama kabla yako." Walicheka, lakini bakuli lilibaki tupu. Na kukaa kwenye lile jiwe bila kupata kitu, na lile jingine tupu kando yangu, wenzangu, sitaki kusimulia. Niliona kama Akiru ananiambia tena, "Sawa, mama."

Asubuhi ya tatu Natabo alishuka akaketi mbele yangu kutazama. Kabla sijatikisa mara tano akanishika mkono. "Simama hapo hapo. Usimwage." Akainamisha jicho lake zima mpaka karibu liguse maji. "Tazama juu. Unatazama chini tu, tazama juu ya maji."

Juu ya maji palikuwa na utando, rangi rangi, kama wa mchuzi. Na juu ya utando, vidoti vya manjano, vidogo kuliko yai la chawa, vinaelea. Vilikuwa vinakwenda taratibu kwenye ukingo wa bakuli, kimoja, kingine, vinavuka, vinaingia mtoni.

Natabo akanusa bakuli. "Mafuta," akasema. "Ile laini haizami kwenye mafuta. Inapanda juu yake inatoka na maji. Nani alikwambia uchekeche kwa chombo cha chakula? Akiru alikuwa na karai. Hili alikuwa analitumia kwa kula."

Siku mbili. Siku mbili nimekaa kwenye kiti alichoniwekea, nikimwaga nje kile alichoniitia. Na mafuta nilipaka mwenyewe, nikajisifu.

"Chukua karai langu," Natabo akasema. "Hilo liweke. Ukilisugua mpaka dhahabu ikubali kuzama, si bakuli tena. Ni ubao."

Hapo ndipo ningesikia. Nina umri wa kusikia. Lakini wale wanawake walikuwa wamesimama wananitazama, yule wa meno yupo, na mimi nilikuwa nimesema Lodwar nzima kwamba nitapata kwa bakuli la mwanangu. Nikamwambia Natabo, "Nimekuja na bakuli la Akiru. Siondoki na karai la Mtoposa."

Akanitazama. "Haya, Mturkana."

Nilichemsha maji. Nilichukua jivu na mchanga mkali nikasugua. Mnajua nikisafisha kitu. Nilisugua ndani, nje, kwenye mpini, kwenye ile mifereji aliyochonga fundi. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama chai ya rangi. Nikayamwaga. Ya pili, ya tatu. Nikachoma majani makavu ndani yake kidogo, nikasugua tena. Jua lilipokaribia kwenda, bakuli lilikuwa jeupe, mti mtupu, nyuzi zake zote zinaonekana. Nikaliegemeza kwenye jiwe likauke. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake, mara ya pili tu kutikisa, nyuma ya mchanga mweusi kikabaki kitu. Nikazungusha. Kikabaki. Nikaita "Natabo!" sauti ikapasuka. Mpaka jioni zilikuwa punje tatu. Natabo aliniloweshea ncha ya jani, nikazigusa moja moja, nikazishusha ndani ya mrija wa unyoya juu ya vumbi la Akiru, nikaziba kwa nta. Yule wa meno akapiga kigelegele, kwa moyo mzuri, nami nikamsamehe. Mnunuzi mwenye mizani yake ndogo akaniita kutoka chini ya mti. Sikugeuza kichwa.

Kabla ya kuondoka nililigusa lile jiwe la pili, lililolainika, nikasema, "Nimeitika." Nilisema kwa sauti. Natabo alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na hakuwa na viatu.

KURUDI

Kakuma mimi na Natabo tuliagana vibaya, kama watu wenye kiburi wanavyoagana, bila kusema kitu cha maana. Alinipa fungu la tumbaku akaniambia ni mbaya, nisimlaumu. Nikamwambia nilijua itakuwa mbaya.

Lori la kurudi halikuwa la Barasa, lilikuwa la magunia matupu. Tulipofika ile laga kubwa ilikuwa kavu, mchanga mweupe, mbuzi wanavuka wanatafuna. Gari likapunguza mwendo, nami nikafungua shuka nikaingiza uso ndani ya bakuli, kwa mazoea tu, kama mtu anavyogusa mfuko kuona ufunguo upo.

Jivu. Mti. Maji ya mto.

Nikageuza nikanusa nje. Nikanusa kwenye mpini. Nikanusa shuka lililolifunga. Jirani yangu kwenye magunia akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu?" Nikamwambia hapana.

Nilifika Lodwar mchana. Asekon alinisikia akiwa kwa jirani akaja mbio, hakuja kwangu, alikuja kwa kifurushi. Nikasema ngoja, nimekuletea kitu cha mama yako, nikatoa unyoya. Nilikuwa nimepanga maneno yake njia nzima. Nilipokuwa nikiyapanga tena, yeye alikuwa ameshafungua shuka, amelitoa bakuli, ametia uso wake wote ndani, mpaka masikio, kwa namna ile ile yangu. Mikono imeshika huku na huku. Nikajua hapo hapo kwamba hii si mara ya kwanza, kwamba kila siku nilipotoka kwenda kwa vikapu alikuwa akifanya hivyo, na kwamba vile vidole nilivyovifungua kimoja kimoja havikuwa vinacheza.

Alikaa humo muda. Akatoa uso.

"Ata, umeliosha?"

Nikasema, "Nimeliosha."

Aliliweka chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Nikampa unyoya, nikamwambia zile punje tatu za juu ni zangu, vumbi la chini ni la mama. Aliutazama kwenye mwanga. Akasema asante, kwa adabu, kama nilivyomfundisha kuwashukuru wageni.

Nimenunua mafuta ya kondoo. Nimelipaka bakuli mara tatu, nikalitia moshi wa mti uleule Akiru alioupenda. Limeanza kuwa jeusi, linang'aa, mkija mtalisifu. Liko pale kando ya mlango. Asubuhi Asekon anapita karibu yake, hainami kulinusa, anachukua viatu vyake, anakwenda shule.